Kifua Hiki Si cha Baridi

Mtu akikohoa Mafinga mwezi wa Julai, hakuna anayemuuliza anafanya kazi gani. Ukungu unakuwa umetanda mpaka saa nne asubuhi, watu wamejikunyata ndani ya makoti, na jibu liko tayari kabla ya swali: ni baridi. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha mbao na nguzo za umeme wilayani Mufindi, kwanza nikiwa karani wa stoo, kisha, bila kuiacha stoo, nikachaguliwa na wenzangu kuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika masuala ya usalama na afya. Katika muda huo nimeona jinsi baridi ya kwetu inavyobebeshwa mizigo isiyo yake, huku mwenye mzigo halisi, yaani kazi yenyewe na namna mwajiri anavyoipanga, akikaa pembeni bila kuulizwa kitu.

Kwa wasiokifahamu kiwanda cha namna hii, magogo ya misindano na mikaratusi hutoka katika mashamba ya miti, likiwamo shamba la serikali la Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko yote nchini Tanzania, na mengine hutoka kwa wananchi waliopanda miti yao wenyewe. Msindano hupasuliwa mbao. Mkaratusi ulionyooka huwa nguzo. Huko mashambani utakuta zile mashine ndogo za kuhamishika ambazo kila mtu huku anaziita dingdong, na pale vumbi lina angalau uwazi wa kuondokea. Kiwandani kwetu mashine ziko ndani ya banda la bati: msumeno mkubwa wa kupasulia magogo, misumeno midogo ya kunyoosha kingo, na mashine ya randa inayolainisha mbao kabla hazijafungwa. Banda lina milango mipana pande mbili, na kuanzia Septemba hadi mvua zinapokaribia, milango hiyo huwa wazi na upepo hupita. Juni ikiingia, wafanyakazi wenyewe huifunga kwa sababu ya baridi, na vumbi linalozalishwa tangu saa moja asubuhi linakosa pa kwenda. Ukisimama ndani saa nane mchana, jua linapopenya kwenye matundu ya misumari ya bati, unaiona miale imejaa chembe zinazoelea kama unga kwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba vifua huzidi wakati wa baridi hawasemi uongo. Wanachokosea ni sababu.

Vumbi la mbao haliishii kuchafua nguo. Chembe zake kubwa hunaswa puani na kooni, lakini zile ndogo, ambazo hata jicho halizioni bila mwanga wa pembeni, hushuka mpaka kwenye njia nyembamba za mapafu. Msindano una utomvu, na ndani ya utomvu huo mna asidi ambazo kwa baadhi ya watu huufundisha mwili kuzichukia, mpaka mwisho njia za hewa hubana kila zinapoguswa nazo. Hiyo ndiyo pumu itokanayo na kazi, na ubaya wake ni kwamba mwili ukishajifunza hausahau kirahisi. Kiasi kidogo tu cha vumbi, ambacho zamani mtu hakukihisi, sasa kinatosha kumkaba. Kwa muda mrefu zaidi kuna saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, na saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ile ya ndani ya pua na matundu yanayoizunguka. Ushahidi ni mkubwa zaidi kwa mbao ngumu kuliko kwa misindano, na nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtu anayewatetea wafanyakazi kwa kutia chumvi huwapa waajiri nafasi ya kumpuuza hata pale anaposema kweli.

Kiwandani kwetu ajali iliogopwa na kuheshimiwa. Msumeno ukimkata mtu kidole, mashine zilizimwa, gari lilitafutwa, meneja alishuka kutoka ofisini, na siku hiyo hiyo jambo liliandikwa kwenye daftari la ajali likiwa na saa, jina na saini ya shahidi. Ugonjwa haukuwa na daftari. Hauna saa ya kutokea, hauna damu, hauna shahidi, na aliyeupata mara nyingi huondoka mwenyewe kimya kimya akisema amechoka na anarudi kijijini kulima viazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haikuweka tofauti hiyo: inalinda mtu aliyeumia kazini na aliyeugua kwa sababu ya kazi, wote wawili. Hata hivyo kati ya kilichoandikwa Dodoma na kinachoandikwa na karani wa Mufindi pana umbali, na ugonjwa usioandikwa na karani hauwezi kufika huko juu.

Nizungumzie maziwa, maana bila maziwa picha haikamiliki. Kila mchana, wafanyakazi wa randa na wale wa yadi ya dawa ya nguzo walipewa pakiti ya maziwa ya nusu lita, na ilikuwa imani ya wote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, kwamba maziwa huosha vumbi na kukata sumu. Mimi ndiye niliyeyapokea, niliyeyahesabu na kuyagawa, na niliona watu wakigombea maziwa kuliko walivyowahi kugombea barakoa. Maziwa ni chakula kizuri, na mtu anayesukuma magogo anastahili chakula kizuri. Lakini yanapita kwenye umio kwenda tumboni, ilhali vumbi limepita kwenye koromeo la hewa kwenda mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani tena huko mbele. Hakuna pakiti itakayofika lilipo vumbi. Kilichonikera zaidi ni kwamba fedha za maziwa ziliingizwa kwenye hesabu za mwaka chini ya kifungu cha usalama na afya, na kifungu hicho kikaonekana kimeshiba.

Barakoa nazo zilikuwa hadithi ya aina yake. Tulikuwa tunanunua zile nyembamba za hospitali, ambazo zimetengenezwa ili mate ya daktari yasimwangukie mgonjwa, wala si ili chembe ndogo za vumbi zisiingie kwa anayeivaa. Zina nafasi pembeni mwa mashavu, na hewa, kama ilivyo ada yake, hupita penye nafasi. Zile zinazofaa kwa vumbi, ngumu kidogo, zenye waya wa kubana pua na alama ya kiwango chake ubavuni, zilikuwa ghali mara kadhaa. Utaratibu ulikuwa mtu anasaini, anapewa moja, na anarudi ikichakaa. Wengi walikuwa wanazivua kwa sababu ukivaa barakoa huku unabeba mbao unakosa pumzi, na ukitoa jasho inagandamana usoni. Msimamizi akipita anawafokea. Mkaguzi akija, daftari langu la stoo linatolewa mezani, saini zinaonekana, na mambo yanaonekana yamenyooka.

Nilipohudhuria mafunzo ya wawakilishi wa usalama na afya yaliyotolewa Iringa mjini, ndipo niliposikia mpangilio ambao wataalamu wote wa fani hii huufuata. Kwanza ondoa kihatarishi chenyewe. Ikishindikana, badilisha kwa kisicho na madhara makubwa. Ikishindikana, kizuie kilipo kwa mtambo, kwa mfano feni inayonyonya vumbi pale pale meno ya msumeno yanapokata. Kisha panga kazi ili mtu asikae hapo muda mrefu. Na mwisho kabisa, kwa kile kilichobaki, mpe mtu kifaa kinga. Kiwandani kwetu tulikuwa tumeanza na la mwisho na kuishia hapo hapo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyofuta ile ya zamani ya viwanda iliyokuwa ikitumika tangu mwaka 1950, inamtaka mwajiri afanye tathmini ya vihatarishi na awapime wafanyakazi afya wanapoanza kazi na baada ya hapo mara kwa mara. Na Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema waziwazi kwamba hatua za usalama na afya zisimgharimu mfanyakazi chochote. Wakati huo kwetu, aliyepoteza glavu alikatwa mshahara.

Yote haya yangebaki kuwa maneno ya semina kama isingekuwa fundi wetu wa randa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa vijiji vya huko huko Mufindi, hodari, asiyevuta sigara na asiyekosa kazini. Kwanza alianza kukohoa jioni, kisha usiku, kisha akawa anaamka saa tisa akitafuta hewa dirishani. Zahanati ikampa amoksilini. Akapewa tena. Makohozi yakapimwa kifua kikuu, yakawa safi, na bado kwa kuwa alikonda kidogo majirani wakaanza kunong'ona wanayoyanong'ona. Mkewe alimfunga mashuka mawili na kumkataza kuoga maji ya baridi. Kila aliyemwona alimpa dawa ya baridi, na kila aliyempa alikuwa na nia njema.

Siku moja alikuja dirishani kwangu kuchukua barakoa, akawa amesimama ameegemea ubao wa dirisha, akivuta pumzi kwa vituo na mabega yakipanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada karani. Naomba unipe mbili leo. Jumatatu huwa inanikamata vibaya."

"Kwa nini Jumatatu?"

"Sijui, mwanangu. Jumapili nakuwa mzima kabisa, naimba kwaya mpaka mwisho. Nikiingia hapa, ikifika saa tano tu, kifua kinafunga."

Katika yale mafunzo tulikuwa tumeambiwa kwamba swali moja linaweza kumfikisha mtu mahali ambapo picha ya eksirei haimfikishi: unajisikiaje ukiwa siku za mapumziko? Baridi ya Mafinga haina Jumapili. Inakufuata kanisani, inakufuata shambani, inalala nawe. Kifua kinachopona Jumapili na kuugua Jumatatu kinaeleza chenyewe mahali kinapougulia, mradi anayesikiliza awe anajua mgonjwa anafanya kazi wapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwenye kadi yake ya zahanati, mbele ya neno kazi, palikuwa pameandikwa mkulima, kwa sababu huku kila mtu ni mkulima na mwandishi alikuwa na foleni ndefu.

Nilimwandikia barua yenye maelezo ya kazi yake: mashine anayoitumia, aina ya mbao, saa anazofanya kazi, na tangu lini. Aliichukua akapanda basi la Mbeya, kupitia Makambako na Chimala, hadi hospitali ya rufaa. Huko daktari aliisoma barua kabla ya kumshika mapigo. Alipimwa kwa kupuliza kwenye mashine, akapewa dawa ya kuvuta, akapuliza tena, na tofauti ikaonekana. Kisha akapewa kifaa kidogo cha plastiki cha kupulizia na karatasi ya kujaza, aandike namba mara kadhaa kwa siku, siku za kazi na siku za mapumziko, kwa majuma kadhaa. Ile karatasi, aliyoijaza kwa kalamu ya bluu kwa mwandiko wa mtu asiyezoea kuandika, ilikuwa na milima na mabonde yanayofuata ratiba ya kiwanda. Wiki ambayo mashine ya randa iliharibika na banda likanyamaza, mstari ulinyooka. Sijawahi kuona ushahidi ulio wazi kuliko ule, na uliandikwa na fundi randa mwenyewe.

Ofisi ilipopata taarifa, jibu la kwanza lilikuwa lile ninaloamini waajiri wengi hulitoa: alikuja na pumu yake. Inawezekana kwa mtu fulani ikawa kweli. Lakini ili mwajiri aweze kulisema hilo akaaminika, anahitaji karatasi moja, nayo ni matokeo ya kipimo cha afya cha siku mtu alipoajiriwa. Karatasi hiyo haikuwapo, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimekwepa gharama ya vipimo vya awali miaka yote. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba vipimo ni fadhila kwa mfanyakazi peke yake. Kipimo cha kuanzia kazi humlinda mwajiri dhidi ya madai yasiyo ya kweli, na kipimo cha kila baada ya muda humwonyesha mahali mtambo wake unapovuja kabla gharama haijawa kubwa. Aliyeokoa senti hapo alijinyima ngao yake mwenyewe.

Kikwazo cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Fundi randa hakuwa na mkataba wa maandishi. Alihesabiwa kuwa kibarua wa siku, analipwa kila Jumamosi, na orodha za malipo za miaka ya nyuma zilikuwa zimetupwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haidanganyiki na jina la kibarua. Inaangalia hali halisi ya kazi, kama mtu anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kama saa zake zinapangwa na mwingine, kama anatumia zana za mwingine, kama amefanya kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, na panapokuwepo hata mojawapo ya hali hizo humchukulia kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tatizo ni kuthibitisha tangu lini. Ndipo madaftari yangu ya stoo, yale yale yaliyokuwa yakimfurahisha mkaguzi, yalipogeuka kuwa na faida ambayo hakuna aliyeikusudia. Kila barakoa, kila jozi ya glavu na kila pakiti ya maziwa ilikuwa na tarehe, jina lake, kitengo cha randa na saini yake, mwaka baada ya mwaka. Meneja aliyapekua kwa muda mrefu, akavua miwani, akaniuliza kwa nini huwa situpi vitu.

Nalitaja hili kwa undani kwa ajili ya makarani wenzangu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kufanya kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri pekee. Kwa sasa mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, na ni kosa kumkata mfanyakazi hata shilingi moja kwa ajili hiyo. Mfuko hulipia matibabu, hulipa asilimia 70 ya kipato kwa anayeshindwa kufanya kazi kwa muda, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, na una mafao mengine kwa ulemavu wa kudumu na kwa wategemezi. Mgonjwa ana miezi 12 ya kuwasilisha dai, na kwa ugonjwa unaokuja polepole miezi hiyo huisha huku mtu bado anakunywa tangawizi. Fundi randa aliwahi. Dai lake lilichukua muda na barua nyingi, likapokelewa, na leo anafanya kazi ya ulinzi kwenye lango la nje, mbali na vumbi, akiwa na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Hakupona kabisa. Daktari alimwambia kwamba angeondolewa kwenye vumbi dalili zilipoanza tu, nafasi ya kupona ingekuwa kubwa zaidi.

Masikio nitayapitia kwa haraka, ingawa waliopoteza usikivu kwetu ni wengi kuliko waliopoteza pumzi. Kiwango ambacho wataalamu hukitumia ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unaofaa hupungua kwa nusu, kwa hiyo mashine ya randa inayopiga desibeli 100 ingepaswa kusikilizwa kwa dakika 15 tu kwa siku bila kinga. Asiye na kipimo ajaribu hivi: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imeshapita kiasi. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Mzee mmoja wa msumeno mkubwa aliniambia kwamba ndege wamepungua Mufindi.

Ninachotaka kukaa nacho zaidi ni yadi ya nguzo, kwa sababu huko hakuna kikohozi cha kumshtua mtu. Nguzo zilizomenywa na kukauka huingizwa ndani ya silinda kubwa ya chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa shinikizo mpaka izame ndani ya mti. Dawa hiyo ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na ndiyo inayoipa nguzo ile rangi ya kijani mnayoiona kandokando ya barabara. Ni dawa inayofanya kazi yake. Bila hiyo mchwa na kuvu wangemaliza nguzo mapema. Lakini kromiamu, ikiwa bado mbichi kwenye maji ya dawa, hutoboa ngozi na kuacha vidonda vidogo vya mviringo visivyopona upesi, na ikivutwa mara kwa mara huweza kutoboa hata ukuta wa katikati wa pua. Aseniki inajulikana kwa miaka mingi kuwa kisababishi cha saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Marekani watengenezaji waliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao za majumbani kuanzia mwisho wa mwaka 2003, wakaibakiza kwa nguzo na kazi za viwandani.

Dawa ikishaingia kwenye mti huhitaji muda ili ijifunge humo na isichuruzike tena, na muda huo hutegemea joto. Penye joto hujifunga upesi. Kwenye baridi hukawia. Basi kumbe baridi yetu ilikuwa na hatia moja ya kweli, na hiyo ndiyo hakuna aliyeitaja. Ratiba ya kutoa nguzo kwenye yadi ilikuwa ile ile Januari na Julai, iliyoletwa pamoja na mtambo kutoka nje, na mwezi wa Julai vijana walikuwa wakibeba begani nguzo ambazo bado zilikuwa na unyevu wa kijani. Walizibeba kwa glavu za kitambaa, ambazo hunyonya dawa na kuikalisha juu ya ngozi siku nzima. Wakitoka kazini walipanda bodaboda na ovaroli zile zile, wakazifua nyumbani kwenye beseni moja na nguo za watoto.

Kisha kuna mabaki. Nguzo ikikatwa kwenye ncha baada ya kutiwa dawa, hubaki vipande vifupi, vikavu, vizito, ambavyo mama yeyote mwenye mafiga angevitamani. Kina mama wanaookota mabanzi karibu na uzio walikuwa wakivichukua pamoja na mabanzi ya msindano, na walinzi waliwaachia kwa huruma. Kipande hicho kikiungua, sehemu ya aseniki hupanda na moshi, na nyingine hubaki kwenye jivu, lile jivu ambalo huku kwetu hutumiwa kusugulia sufuria na kumwagwa bustanini kwenye sukuma wiki. Nilipokwenda kuzungumza nao, mmoja alinisalimu kwa kamwene, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: kama vipande hivi ni sumu, kwa nini kampuni imeviweka nje ya uzio na haikuandika kitu? Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, naye hakuwa mfanyakazi, lakini sheria inapomtaka mwajiri awalinde pia wasio waajiriwa wake dhidi ya madhara ya shughuli zake ilikuwa inamfikiria yeye.

Mabadiliko yaliyokwisha kufanyika nayaeleza jinsi yalivyo. Baada ya dai la fundi randa na ukaguzi uliofuata wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kiwanda kiliwaita mafundi wa bati, wakaunda mabomba ya kunyonya vumbi kutoka kwenye mashine ya randa na misumeno midogo hadi kwenye pipa kubwa nje ya banda. Si mtambo wa kifahari, na bomba moja huziba maranda yakilowa, lakini saa nane mchana miale ya jua imepungua chembe, na Julai milango inaweza kufungwa bila watu kukabwa. Kupuliza ovaroli kwa upepo wa kompresa kumepigwa marufuku. Watu walikuwa wanapenda kufanya hivyo kwa sababu nguo zinatakata upesi, na vumbi lote linaingia kwa jirani. Barakoa nyembamba zimeondolewa stoo. Maziwa yapo bado, kwenye kifungu cha chakula.

Yadi ya nguzo ndiyo iliyobaki. Tumepata glavu za mpira na aproni, na vipande vya nguzo sasa vinafungiwa ndani. Hatujapata paa juu ya sakafu ya kuchuruzishia, hatujapata bafu na chumba cha kubadilishia nguo, na ratiba ya Julai imeongezwa muda kwa maneno tu, kwani oda ikibana nguzo hutolewa zikiwa na unyevu. Katika kikao cha mwisho cha kamati niliomba mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari: kwamba nguzo isitoke kwenye yadi kabla ya kupimwa kama dawa imejifunga, kwamba ovaroli za yadi zifuliwe kiwandani, na kwamba mkojo wa vijana wa yadi upimwe aseniki kila mwaka na kila mmoja aonyeshwe majibu yake. Meneja alikubali mawili ya mwanzo. La tatu alisema litawatia watu hofu. Nimelirudisha kwenye ajenda ya kikao kijacho, na safari hii nimeambatanisha barua iliyosainiwa na vijana wenyewe.